Mashine Yako Mwenyewe

Nsemulwa, Mpanda
28 Novemba 1999

Kaka Celestin,

Nakusalimu sana, wewe, wifi Esteria na watoto. Naamini hamjambo na joto la Dar halijawachosha. Sisi huku wazima. Mvua zimeanza vizuri, maharage yameota. Na Mama ni mzima kabisa, anakula, anatembea, juzi kapalilia mwenyewe hadi nikamfokea apumzike. Nalitaja hilo la Mama kwa kirefu makusudi, na wewe unajua kwa nini.

Safari hii Evarist wa treni hatakuletea disketi. Nimempa barua hii tu. Usimuulize, hana habari yoyote, yeye ni mtu wa kubeba.

Kaka, nikumbushe tulikotoka, maana naona umesahau. Mwanzo kurasa zetu zilikuwa kwenye kompyuta ya wale wa shirika la wakimbizi. Mimi nachapa hapa ofisini majina ya watu wa Katumba, nani anamtafuta nani, nani kazaa, nani kafa, na wao wanayaweka kwenye intaneti. Kumbe wanakata! Majina ya wazee wetu yalikuwa yanatolewa, panabaki picha ya mtoto anacheka na maneno mawili kwamba wakimbizi wanaendelea vizuri. Ulikasirika kuliko mimi. Uliniandikia kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, kwamba utaunda seva yetu wenyewe, mashine ya kuwekea kurasa, kwa vipande vya kompyuta zilizotupwa hapo kazini kwako, uichomeke pembeni mwa ofisi, na hakuna atakayetugusa hata neno. Nilijivunia sana. Nilimsomea Mama ile barua mpaka ikachakaa.

Krismasi ukaja ukanifundisha. Ukasema ukurasa wetu hauna ujanja, ni maandishi matupu. Nichape, niweke alama pale aya inapoanza na pale inapoisha, ninakili kwenye disketi, nimpe Evarist. Ikifika Dar wewe unaiweka kwenye mashine, na inakaa hivyohivyo mpaka disketi nyingine ije. Mama alipotaka kujua ni kitu gani hicho, ulimwambia ni kama tangazo lililopigiliwa msumari sokoni, ila sokoni pale wanapita watu wa dunia nzima. Akauliza nyundo anashika nani. Ukacheka, ukamwambia anashika mwanao.

Na jina la kwanza tulilochapa ni la kaka yetu Nestori. Mama Hilaria wa Katumba anamtafuta mwanawe Nestori, waliyepotezana naye wakivuka mto Malagarasi, wakikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili. Mimi sikuwa nimezaliwa. Wewe ulikuwa mgongoni mwa Mama. Kwa Mama kazi yote hii ya disketi na mashine ilikuwa kwa ajili ya mstari ule mmoja, hayo mengine aliyachukulia kama nyongeza tu. Jeannine wa kijiji cha pili alipompata mdogo wake Ubelgiji, Mama alipiga vigelegele na wenzake, halafu akaja jikoni akaniuliza taratibu kama na sisi hatujajibiwa. Kila Evarist aliponiletea majibu uliyoyachapisha huko, Mama aliuliza. Nikawa namwambia avute subira, dunia ni kubwa. Mimi, mjinga wako, nilikuwa namfariji.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumapili iliyopita. Nilikuwa Katumba, tumekaa uani na Mama tunamenya mihogo. Nikaona mtu mzima anakuja kwa njia ya kisimani, kafunga kitambaa cheusi mkononi, na nyuma yake kijana wa kukodi anasukuma baiskeli yenye madumu ya pombe ya ndizi. Nikatoka kumpokea. Kwa upole kabisa akaniomba nimwonyeshe kaburi la marehemu Hilaria.

Nilimjia juu! Nilimuuliza ni utani gani wa kumtakia mtu kifo mbele ya nyumba yake. Yule mtu akashtuka, akasema yeye ni mwanawe wa kwanza, katoka Lusaka anakofanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, kapanda mabasi hadi Sumbawanga na lori kutoka huko. Akasema aliuona ukurasa wetu mwezi wa tatu, akaandika siku ileile kwenye anwani iliyo chini, na mdogo wake Celestin akamjibu kutoka Dar es Salaam kwamba kachelewa, mama kafariki, kazikwa vizuri, mambo ya familia yamekwisha pangwa, asihangaike kuja kwani barabara ni mbaya. Alipofungua ukurasa tena, ule mstari haukuwepo.

Mana yanje, Mungu wangu, Celestin! Wale wa shirika walikata majina kwa sababu hawakujua ni ya nani. Wewe ulijua.

Mama alikuwa kasikia sauti, akaja na kisu cha mihogo mkononi. Hakulia wala hakumkimbilia. Alimuuliza siku ile mtoni alikuwa kashika nini. Akajibu kwamba alishika ncha ya kitenge, mbeleko iliyokubeba wewe, na kitenge kikamponyoka. Hapo Mama akakaa chini kwenye matope. Miaka yote katuambia alimshika mkono, kumbe hakuwahi kumshika. Mikono yake yote miwili ilikuwa imekushikilia wewe usidondoke.

Nimejiuliza sana ni kwa nini, na jibu sipendi ila ninalo. Baba alipokufa ulikalia kiti chake. Shamba liko kwa jina lako, posa zangu unapokea wewe, kwenye vikao vya ukoo anasubiriwa Celestin aseme kwanza. Uliogopa kuwa wa pili. Basi! Sitafuti sababu nyingine, na ukiwa nayo usiniandikie.

Ila umekaa mjini mno, kaka, na hilo ndilo lililokuumbua. Huko Dar mtu akisikia msiba wa mbali anatuma rambirambi, yamekwisha. Mrundi, tena mzaliwa wa kwanza, ukimwambia mama yake amekufa huwezi kumwambia asije. Atakuja hata kwa magoti, na pombe yake, aondoe matanga, tufanye kuganduka, kuufunga msiba, kama wazee wetu walivyotuachia. Bila hivyo msiba uko mgongoni mwake mpaka aingie kaburini. Ungemwandikia kwamba mama yuko hai ila hataki kumwona, labda angebaki Lusaka na uchungu wake. Ukamuua mama, ndivyo ulivyomleta mwana.

Na sasa lile lililonifanya nichukue kalamu. Nestori alitaka kuimwaga ile pombe, kwani anayeombolezewa yu hai. Mama akakataa. Akasema pombe ya matanga imekwisha ingia uani kwake, haiwezi kutoka bila kunywewa. Akanituma niwaite majirani. Wakaja wengi, wengine wanacheka, wengine wanamshika Nestori mashavu wasiamini. Madumu yakafunguliwa, mirija ikatiwa. Mzee Dieudonne, anayetuongozea shughuli hizi, akasimama kama desturi ilivyo akauliza tunaondoa matanga ya nani, maana haiwezekani kunywa bila kumtaja marehemu. Watu wakamtazama Mama.

Mama akataja jina lako, Celestin, kwa sauti ya kawaida, kama anavyokuita uje kula. Kisha akavuta mrija, akanywa, akampa Nestori naye akanywa. Nikapewa mimi. Nilinywa, kaka. Nilikuwa nalia, lakini nilinywa.

Wasalimie wifi na watoto. Waambie bibi yao anawapenda, hawana kosa lolote, mlango wao uko wazi. Nestori yuko hapa hadi baada ya Krismasi. Nguo zako zilizokuwa kwenye sanduku la Mama zimekwisha gawiwa watu, kama inavyotakiwa.

Aliyekuwa mdogo wako,
Joséline