Chumba cha Redio Mbovu

Mzee wangu,

Chai iko kwenye chupa. Mlango wa nyuma usiufunge. Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja saa nne. Ndiyo, nimemwita mimi.

Asubuhi nimetafuta fomu yangu ya mtihani mpaka jasho likanitoka. Nimeikuta chumba cha pili, chini ya redio zako mbovu, pamoja na miwani yangu miwili iliyopotea. Nilikuwa nimeshanunua ya tatu! Fomu ilitakiwa jana, kwa hiyo leo nalipa na faini. Nawe ukaniuliza, "Una wajukuu, mtihani wa nini?"

"Zitafaa siku moja." Kila mwaka wimbo wako huo. Chumba kile tunakilipia kodi, na wapangaji wake hawatusomei hata habari.

Nimesali kwanza, nisiamue kwa hasira. Hasira imeondoka, uamuzi umebaki: redio ziende.

~~Redio ya marehemu baba yako nayo iende.~~ Hapana. Hiyo nimeifuta vumbi, iko kitandani upande wako.

Nikirudi kutoka darasani jioni, nikute meza ya kusomea kwenye chumba kile. Wewe si fundi? Nyundo nayo nimeiona, iko chini ya redio ya saba.

Bibi wa wajukuu zako, mwanafunzi