Kima Punju Hawafiki Ruanda

Jumatatu, 3 Juni
Mkaa umepungua tena. Jana nilifunga gunia kwa kamba, leo limefunguliwa. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yanapita hapa kijijini Ruanda, Mbinga, mchana kutwa, halafu mimi naibiwa mkaa wa kupikia! Ni kima. Kwetu Unguja kima punju huingia jikoni, huchukua kipande na kukitafuna kama mhogo.

Jumatano, 5 Juni
Nimemweleza jirani, Mama Ndunguru. Kaacha kuchuma kahawa ili acheke vizuri. "Mama Salim, ngedere wa huku wanakula mahindi. Mkaa waupeleke wapi?" Nimekasirika. Mkwe wangu Zuhura tu ndiye kaniunga mkono: "Ni kima, mama. Nimewasikia juu ya bati." Mtoto mwema. Amekonda tangu mimba ya pili iharibike. Salim yuko safarini na lori. Watoto hatuwataji humu ndani. Mjukuu namwomba Mungu kimoyomoyo.

Ijumaa, 7 Juni
Vipande vingine vimekwenda. Vitatu nimevipaka sumu ya panya, nimeviweka juu ya gunia. Sijamwambia mtu, wasinicheke. Nikipata mzoga nitampelekea Mama Ndunguru mlangoni.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi kipande kimoja hakipo. Nilifurahi. Nikazunguka migombani kutafuta mzoga.

Niliporudi, Zuhura alikuwa anatapika nyuma ya choo. Meno meusi.

Ana mimba. Alificha, akiogopa tukishangilia itatoka kama zile. Hamu ya mkaa ikamshinda. Nimemwambia kuhusu sumu. Kauondoa mkono wangu begani. Nikamwambia na daktari, hospitalini Mbinga, mbele za watu. Mama Ndunguru ndiye aliyetafuta gari. Hakucheka.

Jumapili, 9 Juni
Hospitali. Wanampima damu kila mara. Mtoto bado yupo. Salim kapiga simu, nimempa nesi aongee naye. Najichukia.

Alhamisi, 13 Juni
Zuhura karuhusiwa. Daktari kasema wote wawili wazima, mkaa auache. Kanisalimia vizuri: "Shikamoo, mama." Nilimpikia uji. Kasema ameshiba. Jioni kaingia jikoni mwenyewe, kasonga ugali, kanipakulia na mimi. Nimekula. Uji wangu uko pale pale, umefanya utando.