Nilisafisha Picha, Nyumba ya Mama Émérence Ikapotea

Kalemie, tarehe 14 Mei

Mpendwa Mama Carine wa redio, naomba msaada, na naapa nitakuambia yote, hata yale yanayonitia haya. Mimi ni Elsa, nasoma mwaka wa tano, na Papa Prospère, mwalimu wetu wa fizikia, alinipa picha ya kartie yetu, mtaa wa kando ya ziwa, iliyopigwa na rada ya setilaiti, ile inayoona hata kupitia mawingu, ili niisafishe, kwa sababu picha za rada zina chenga nyingi kama mtu amezimwagia chumvi, na Jumamosi chefu wa kartie, kiongozi wetu, ataitumia kuandika nyumba zilizozingirwa na maji ya ziwa, wenyewe wahamishiwe mlimani. Basi nikaiambia kompyuta ilainishe kila nukta ifanane na jirani zake, nikaona inapendeza, nikalainisha tena, mara sita, mpaka ziwa likawa jeusi safi, Papa Prospère akaniita "Madame Injinia" mbele ya darasa, nami nikafurahi mno. Lakini jana, penye meza yake ya sokoni, nilimwonyesha jirani yetu Mama Émérence, muuza ndagala, yaani dagaa, ambaye nyumba yake imebaki peke yake katikati ya maji, akaangalia, akauliza: "Elsa, mutoto yangu, na nyumba yangu iko wapi? Ao mimi nalala na samaki?" Wateja wakacheka, mimi nikaitazama tena picha, kumbe ile nukta nyeupe niliyoifuta ndiyo ilikuwa paa lake la mabati. Nikisema, mwalimu hataniamini tena. Nikinyamaza, Mama Émérence hataandikwa. Mama, nijibu upesi: niseme, au nirekebishe kimyakimya, na je, kuna njia ya kuondoa chenga bila kuondoa watu?

*

Elsa, binti yangu, pole. Lakini mara sita! Ulikuwa unasafisha picha au unasugua sufuria?

Nimemuuliza Papa Déogratias, fundi wa ramani, akashika kichwa. Nyumba iliyo katikati ya maji, jirani zake wote ni maji. Ukiifananisha nao, lazima izame. Rudi kwenye picha ya kwanza. Kama uliifuta, mwombe mwalimu nakala nyingine, na usiniambie mimi. Chukueni picha za siku tano au sita ambazo setilaiti imepita tangu maji yapande, zipangeni moja juu ya nyingine sawasawa, mtafute wastani. Chenga hubadilika kila picha, paa la mabati halitembei. Chenga zitafifia, paa litang'aa.

Kimyakimya? Hapana! Nyumba moja umeijua kwa sababu mwenyewe alikuuliza. Ni ngapi nyingine ulizifuta, na wenyewe hawakupita kununua ndagala? Mwambie mwalimu leo, kabla ya kengele ya kwanza. Akikasirika, ngoja amalize, kisha mfungue kompyuta.

Na Jumamosi chefu asiandike akiwa amekaa biro, ofisini kwake. Atembee mlango kwa mlango na picha mpya mkononi. Wewe utamtangulia, ndani ya maji, viatu kichwani.