Magauni Yasiyonitosha

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na magoti yanasemaje? Mimi mzima, posta bado wananichosha.

Na yule daktari wa maongezi, niliyekuwa namweleza ya moyoni, tumemaliza. Miaka mitatu, kila Alhamisi saa nne, mimi kwenye kochi, yeye nyuma yangu kimya. Nilidhani nitapumzika. Wapi! Alhamisi ikifika najifungia stoo, nakaa juu ya magunia ya barua, najisemesha mwenyewe. Wenzangu wanadhani nasali.

Juzi nikajiuliza: baba alipofariki ukanipeleka kwa shangazi, ulinitumia gauni kila mwaka. La kwanza tu ndilo lililonitosha. Yale sita yaliyofuata hayakupita hata mabegani. Kwa nini? Niliamini umenisahau. Nakuuliza wewe, maana nimechoka kujijibu.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananifuata tu. Kitambaa kilikuwa haba siku zile. Ule vizuri, na hayo ya kujisemesha stoo, angalia wasikufukuze kazi.

Mama yako

14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Gauni la mwisho ninalo. Kwenye pindo lake uliacha kitambaa cha upana wa vidole vinne vizima. Kitambaa hakikuwa haba.

Sitafuti ugomvi. Nimekaa na swali hili Alhamisi tatu, na chini yake nakuta kitu kimoja tu: nakutamani, kama nilivyokutamani nikiwa na miaka sita kwa shangazi.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ni mzima, nimechelewa kwa aibu. Nilijaribu huo mtindo wako. Nikafunga duka, nikajisemesha mbele ya cherehani kama mwehu.

Daftari langu lina vipimo vyako vya siku uliyoondoka. Shangazi yako alituma vipya kila mwaka, na bahasha sikuzifungua. Ningekata kitambaa kirefu, ningekubali unakua mikononi mwa mwingine. Nikawa namshonea yule niliyemjua. Wewe ukaumia, na fundi mzima nilijua nguo haitatosha.

Nisamehe. Nitumie vipimo vyako vya sasa.

Mama yako

9 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea stoo, nikalia hadi wenzangu wakagonga mlango. Hasira bado ipo, sikufichi, ila imekonda.

Vipimo situmi. Nimeomba ruhusa kazini. Alhamisi saa nne nitakuwa dukani kwako, unipime mwenyewe.

Mwanao