Birika Mlangoni kwa Mzee Saidi

Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa,

Pikipiki za mtaa huu wa Gihosha hazipandi mlima bila ruhusa yangu, na ukifika mjini ukataja jina langu utapewa kiti hata kama wenyewe wamesimama. Mi mzima, tena mzima wa kuchosha watu. Na ninyi huko Baraka? Mgongo wa Mama umeacha kulalamika? Mume wako bado anakoroma mpaka mbuzi wanahama? Mwambie shemeji namheshimu sana, lakini kwa mbali.

Uliuliza kama bado nalala chini ya meza za soko. Apana, yaya. Nina chumba chenye mlango na kitanda, na ufunguo nauvaa shingoni kama medali. Nyumba hii inachukua vijana wasio na pa kulala pamoja na wazee wanaojitegemea, wale wasiotaka kulelewa kama watoto. Kijana mmoja, mzee mmoja, ukuta mmoja katikati. Mzee anajipikia, anajifulia, hasaidiwi asipoomba. Sisi vijana chumba tunakilipia kwa macho. Kila asubuhi mzee akiinuka anatoa birika yake mwenyewe, anaiweka nje ya mlango, na kijana wake haendi kazini kabla hajaiona. Jua likigusa kizingiti na birika haipo, unabisha. Kukiwa kimya, unafungua. Sharti ni hilo tu. Ukilivunja, unarudisha ufunguo.

Mzee wangu alikuwa Mzee Saidi, fundi cherehani wa zamani kule Buyenzi. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia viatu.

"We mutoto, umesoma?"

"Nimesoma, Mzee. Shule ndiyo ilichoka."

"Na suruali hiyo, ulishonewa au ilikuangukia?"

Aliipunguza jioni ileile, kwa sindano ya mkono, huku akinitukana. Ndiyo niliyovaa sasa hivi. Tukila ndagala, dagaa wa ziwa letu, vichwa vyote alinisukumia mimi, eti labda vitaniongezea akili.

Yaya, Mzee Saidi amefariki. Alianguka kando ya kitanda, nyonga ikavunjika. Nilimkuta mchana niliporudi kula. Muganga alisema alianguka kabla ya alfajiri, akabaki pale sakafuni akiwa hai muda mrefu, hawezi hata kujikokota. Lakini birika ilikuwa nje. Kila mtu aliiona asubuhi ile. Hata Masera, mtawa anayesimamia nyumba, aliipita akajua mzee ameamka salama.

Basi hofu ikaingia. Nani aliitoa? Wazee wanasema ni roho yake, ilitoka nayo ili ituage. Vijana hawavuki ua peke yao. Hata mi, chumba kile kilipokuwa kitupu, nilikuwa nasikia asubuhi birika ikikwaruza sementi upande wa pili wa ukuta, taratibu, kama mtu anayechelea kuniamsha. Nilikuwa navuta shuka mpaka kichwani, mi huyu huyu.

Sasa kimepata mtu, Bibi Zuhura. Masera amenipa yeye nimwangalie, eti mi ni kijana mwaminifu, nilimlilia Mzee kama mjukuu wa damu. Bibi huyu hata nyoka anamfukuza kwa kandambili. Lakini usiku halali, na birika yake ameifunga mkononi kwa kitambaa, haitoi nje hata kidogo. Kwa hiyo asubuhi hakuna anayejua kama yu mzima. Jana aliniita.

"Mujukuu, we ulimujua marehemu. Aliyetoa birika ile atanijia na mimi?"

"Apana, Bibi."

"Unajuaje?"

Niliinama nikafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili. Jibu ninalo, yaya. Nikilisema, Bibi atalala, na mi nitarudi chini ya meza za soko.

Msalimie Mama, mwambie mwanawe anakula na kunenepa. Msalimie mjomba kinyozi, na shangazi aliyenifundisha kusoma kwa mwiko wa ugali. Watoto wako wote wape kofi moja moja la upendo.

Ni mimi mdogo wako, bwana wa pikipiki zote,
Amisi

Yaya, nilikuwa nimeshakunja karatasi, nimeikunjua tena. Birika ya Mzee ilikuwa inakaa ndani, dirishani. Akishasali alfajiri alikuwa anarudi kujilaza, aitoe kwa wakati wake, na mi nilitaka niwe wa kwanza garajini tunakotengeneza pikipiki. Nikazoea kupitisha mkono dirishani, naitoa mwenyewe, naiweka mlangoni, naondoka. Alijua. Alikuwa ananicheka: "Birika yangu imeota miguu, tena miguu ya muvivu." Asubuhi ile pia niliitoa mimi. Sikuchungulia ndani.