Macho ya Lamu, Mkono wa Jomvu

Alhamisi. Mvua ya asubuhi imekatika, njia ya kwenda msikitini bado ina matope, na mimi nina ile furaha ya mtu aliyemaliza kazi.

Kofia imekwisha. Alhamdulillahi.

Nieleze tangu mwanzo, maana nimefundisha shule maisha yangu yote na siwezi kusimulia jambo kutoka katikati. Mjukuu wangu Maimuna yuko mwaka wa mwisho chuoni. Utafiti wake unauliza hivi: je, watu wawili walio mbali wanaweza kufanya pamoja kazi moja ya mikono, tena ya kukazia macho, kwa mkutano wa video wenye picha ang'avu? Msimamizi wake hakutaka maelezo matupu. Alitaka kazi iliyokamilika kabla ya muhula kufungwa. La sivyo, binti abadilishe mada, na kuhitimu kwake kusogee mwaka mzima.

Kazi tuliipata nyumbani. Wifi yangu Bi Khadija, dada wa marehemu mume wangu, anakaa Lamu. Ni mshonaji wa kofia za vito, zile zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi mpaka vikafanya maua. Lakini mikono yake imeanza kutetemeka, na sindano zake alikwisha kuzifungia kabatini. Yangu bado imetulia, ila maua yake siyajui. Basi tukapatana: yeye awe macho, mimi niwe mkono.

Mwanzo ulikuwa vichekesho.

Huku kwetu Jomvu mwanamke akiitwa na aliyemzidi umri huitika "abee" na kumgeukia. Kila wifi aliponiita, niliacha sindano, nikaiinua simu mpaka usoni, nikaitika. Yeye kule badala ya kitambaa akaona kidevu changu.

"Bibi, mkono! Tuonyeshe mkono!" Maimuna alilalama.

"Mwache," wifi akadakia. "Hata huo uso nao wataka kushonwa."

Maimuna akaniomba nisiitike tena, nishone tu. Nikatii, na mambo yakaharibika zaidi. Wifi aliniita, hakusikia sauti wala hakuona uso, akadhani nimenuna. Naye akanuna. Akanyamaza kimya, nami nikaendelea kushona kwa kukisia. Ua zima likaenda kombo, ikabidi nilifumue.

Siku hiyo Maimuna aliifunga kompyuta yake na kuniuliza kama ni aibu kubadilisha mada. Nilimwambia si aibu, lakini asibadilishe bado. Nilimpikia uji wa pilipili manga, nikamwacha afikiri. Mwanafunzi akikwama, mwalimu mzuri hufunga mdomo.

Kulipokucha alikuja na jibu lake mwenyewe: simu mbili. Ile yake yenye kamera kali tukailaza juu ya marundo mawili ya vitabu vyangu vya zamani, ikitazama chini, mikono yangu ikishona katikati. Ile yangu kuukuu tukaisimamisha mbele yangu kwa ajili ya uso. Sasa wifi akiita, nainua macho tu, naitika, na mkono unabaki palepale.

Hapa nieleze kidogo. Picha ya simu ni nukta nyingi zilizopangwa, kama vile ua la kofia lilivyo vitundu vingi. Nukta zikiwa chache, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe hauonekani kabisa. Zikiwa nyingi, wifi aliyeko Lamu anaona hata uzi uliolegea. Lakini nukta nyingi ni mzigo mzito kwa mtandao, na picha mbili kali kwa pamoja ziligandisha kila kitu. Maimuna akaupunguzia ukali uso wangu, mkono akauachia wote. Uso wangu ukawa ukungu, na wifi hakujali. Alisema ndivyo anavyonikumbuka.

Hicho ndicho alichokigundua mjukuu wangu: mkono unahitaji kuonekana vizuri, uso unahitaji kuwepo tu. Lakini usipokuwepo, kazi haiendi.

Leo baada ya adhuhuri nilikata uzi wa mwisho, nikaiweka kofia chini ya kamera. Wifi akasogea karibu na simu yake.

"Igeuze ndani," akasema.

Niliogopa, wallahi. Mshonaji hupimwa kwa ndani, kwenye mafundo, na picha ile haifichi kitu. Nikageuza.

"Lo! Wifi, mafundo haya umefunga mbuzi?"

"Abee wifi," nikaitika.

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema kofia ni kofia, na mvaaji havai nje ndani. Maimuna alikwisha kupiga picha na kumpelekea msimamizi wake. Jibu lilikuja kabla ya alasiri: aendelee kuandika. Binti alinikumbatia na sindano bado mkononi mwangu.

Nashukuru kwa hilo. Nashukuru kwa macho yanayoona mbali na mikono iliyosalia. Lakini kinachonizungukia moyoni ni jingine. Kabla ya kukata simu nilisikia kule Lamu mlango wa kabati ukilia. Wifi akarudi na kopo lake la nyuzi, akalisogeza karibu na kamera, mkono ukitetemeka, asijali.

"Ya pili tutashona kwa uzi wa rangi gani?" akaniuliza.

Kofia ya utafiti imekwisha. Kesho nikishaswali alasiri, yale marundo ya vitabu nitayapanga tena.