Hati Kumi na Tisa za Lagoa do Cipó

Mji Mkuu, 4 Aprili 1994

Baba, naomba baraka yako. Mimi mzima, ila miguu imevimba. Goti lako laendeleaje?

Habari si nzuri. Gavana amejiuzulu Jumamosi ili agombee useneta. Hati zenu za mashamba alishazitia sahihi, lakini hapa ofisini hazitoki bila sherehe: jukwaa, bendi, yeye mwenyewe akikabidhi na kupigwa picha. Sherehe haikufanyika. Makamu wake ndiye gavana sasa, na hataki kugawa karatasi zenye jina la mwenzake. Nimeamriwa nizichape upya zote kumi na tisa. Nivumilie.

Mwanao, Lindaura

Lagoa do Cipó, 25 Aprili

Mungu akubariki, binti yangu. Goti ni lile lile, kila asubuhi linaamka kulalamika kabla yangu.

Mwambie gavana wako mpya bendi tutampigia sisi, kwa masufuria. Bwana Teodomiro, yule tajiri jirani, amesogeza seng'enge yake tena. Sasa mbuzi wangu wanakunywa maji kwa ruhusa yake, na kisima nilikichimba mimi. Wakili wake kaniuliza, "Mzee Belarmino, karatasi iko wapi?" Miaka arobaini na moja nalima hapa, nikaondoka na mbuzi wangu kama mwizi. Nimechoka, Lindaura. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Baba yako

Mji Mkuu, 27 Juni

Baba, nibariki. Natumaini mlikoka moto wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane na mahindi yalitosha.

Makamu naye kaondolewa na mahakama, siku tisa kabla ya sherehe yenu. Sasa gavana ni spika wa bunge la jimbo. Nimechapa hati mara ya tatu, naye ametia sahihi. Sherehe ni Agosti, wanasema. Siwaamini tena. Yako nimeitoa sandukuni, hiyo hapo ndani ya bahasha. Ipeleke kwa msajili wa wilaya, na usimwambie mtu.

Mwanao

Lagoa do Cipó, 11 Julai

Mungu akubariki, binti, na akusamehe.

Niliishika hati asubuhi nzima. Jina langu limekaa vizuri. Kisha jirani yetu Zulmira akaja kuomba chumvi, akanitania, "Kaka Belarmino, gavana wa wiki hii anaitwa nani?" Sikuweza kumtazama. Marehemu mumewe alishika koleo pamoja nami kisimani. Narudisha hati. Iweke na za wenzangu. Nikipata peke yangu, nitakuwa Teodomiro mdogo. Usinikasirikie.

Baba yako

Mji Mkuu, 19 Julai

Baba, nibariki.

Nilikukasirikia siku tatu, nikalia chooni ofisini. Leo tumeambiwa spika naye anaondoka Jumatatu. Mkuu wangu kaniwekea rundo la karatasi tupu mezani: "Jiandae, dada, mara ya nne."

Yako sikuirudisha sandukuni. Nilizitoa zile kumi na nane, nikazifunga zote kwa kitambaa cha meza. Msajili kaniambia kwa simu: gavana akiwa bado madarakani, sahihi yake inaandikishwa, sherehe iwe au isiwe. Ofisi yake hufunguliwa Ijumaa tu. Waambie wote wawe mlangoni saa nne na vitambulisho, Zulmira awe wa kwanza. Barua hii nampa dereva wa basi la leo, nami nakuja na la Alhamisi.

Kazini sitarudi, hawatanipokea. Nitandikie kitanda, Baba. Nataka kulala siku mbili bila kuulizwa gavana ni nani.

Mwanao